Namna ya kuandika sababu za kisiasa za Mapinduzi ya Marekani

Kila ninaposahihisha insha kuhusu Mapinduzi ya Marekani nakutana na sentensi ile ile: "Wamarekani waliasi kwa sababu kodi zilikuwa kubwa." Naipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha namwita aliyeiandika. Swali limetaka sababu za kisiasa, yeye kaleta za mfukoni. Haya ndiyo ninayomwelekeza.

Anza na chai. Mwaka 1773 Bunge la Uingereza liliruhusu Kampuni ya India Mashariki kupeleka chai yake moja kwa moja kwenye makoloni ya Uingereza huko Amerika, na chai halali ikawa rahisi kuliko zamani. Ushuru ulikuwa pensi 3 kwa ratili. Hata hivyo, usiku wa Desemba 16 watu wa Boston walipanda meli tatu wakatosa makasha 342 baharini. Binti mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, kama bei imeshuka, hasira ya nini?" Nilimwambia aliandike swali hilo juu kabisa ya ukurasa, asiendelee mpaka amelijibu. Fanya hivyo na wewe. Kuinunua chai ile kulikuwa ni kukiri kwamba Bunge la London, ambamo makoloni hayakuwa na mbunge hata mmoja, lina haki ya kuyatoza kodi. Ugomvi ulikuwa juu ya mamlaka.

Sasa rudi nyuma uonyeshe mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa nani. Virginia ilikuwa na baraza lake la kutunga sheria tangu 1619. Katika makoloni mengi gavana aliteuliwa na mfalme, lakini mshahara wake ulipitishwa na baraza la walowezi, kwa hiyo hakuweza kulipuuza. London haikuwabana sana. Baada ya Vita vya Miaka Saba kwisha mwaka 1763, Uingereza ilibaki na deni zito na jeshi lililopaswa kulishwa huko Amerika, ikaanza kutawala kwa karibu. Usiandike "walinyimwa haki" ukaweka nukta. Taja haki yenyewe na sheria iliyoigusa.

Tangazo la 1763 lililozuia walowezi kuvuka milima ya Appalachia litaje kwa sentensi moja, ila usisahau kwamba ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Sheria ya Sukari ya 1764 ina jambo ambalo wengi hulipita: ushuru wa molasi ulipunguzwa kutoka pensi 6 hadi 3 kwa galoni, lakini kesi za magendo zikaweza kupelekwa mahakama za bahari, ambako hakimu aliamua peke yake bila jopo la raia. Umeona? Kodi imeshuka, haki imeondoka.

Sheria ya Stempu ya 1765 kila mtu anaijua, kwa sababu ilitoza kodi kwenye magazeti, hati za mahakama, hata karata. Mimi nakutaka ukae zaidi kwenye Machi 18, 1766. Siku hiyo Bunge liliifuta sheria hiyo, na siku hiyo hiyo likapitisha nyingine iliyotamka kwamba lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria "katika mambo yote". Walowezi walisherehekea kufutwa kwa stempu. Kamba yenyewe ilikuwa bado shingoni.

Mwaka 1767 zikaja sheria za ushuru za Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza. Usiorodheshe kioo, rangi na karatasi tu. Eleza fedha zilikusudiwa kwenda wapi: kulipa magavana na majaji, ili wasitegemee tena mabaraza. Mwaka 1774, kuiadhibu Boston, Bunge likabadili serikali ya Massachusetts: wajumbe wa baraza la juu wakawa wa kuteuliwa na mfalme, na mikutano ya miji, nje ya ule wa mwaka, ikahitaji kibali cha gavana. Kwa watu waliozoea kukutana na kuamua mambo ya mji wao, hili liliuma kuliko ushuru wowote.

Wape Waingereza nafasi ya kujitetea, insha itapata uzito. Walisema kila mbunge huwakilisha raia wote wa mfalme, wakatoa mfano wa Manchester, ambayo nayo haikuwa na mbunge. Walowezi walijibu kwamba mbunge asiyelipa kodi anayoipitisha hawezi kuwa mwakilishi wao. Useme pia, bila kuficha, kwamba wengi wa waliodai uhuru huu walimiliki watumwa.

Ukifika Julai 4, 1776, lifungue Tangazo la Uhuru uhesabu. Kwa kawaida malalamiko huhesabiwa 27. Kodi imetajwa katika moja tu, na hapo wameandika: bila ridhaa yetu.