Kutuma nakala za paspoti za wageni kwa barua pepe kutoka kwenye terminali

Nyumba ya wageni ya Shela, kisiwani Lamu, inayotuma nakala za paspoti kwa mhasibu wake Mombasa kila jioni ina vitu viwili vya kulinda, na wengi huvichanganya. Cha kwanza ni njia kati ya kompyuta ya mapokezi na seva ya barua. Cha pili ni barua yenyewe, ambayo ikishafika hukaa wazi kwenye akaunti ya mhasibu, na atakayeingia humo ataisoma. TLS, usimbaji wa mawasiliano kati ya kompyuta na seva, hulinda njia tu. Yaliyomo hulindwa na GPG, programu ya kusimba faili, yaani kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo. Taarifa za paspoti ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kwa hiyo linda vyote viwili.

Kwenye Debian au Ubuntu:

sudo apt install msmtp mutt gnupg

msmtp hutuma, mutt hubeba viambatisho, gpg husimba.

Gmail haitakubali nenosiri lako la kawaida hapa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu. Utapewa herufi 16. Kompyuta ya mapokezi ikiibwa, unafuta nenosiri hilo moja na akaunti inaendelea kufanya kazi.

Tengeneza ufunguo wako kwa gpg --full-generate-key, halafu hifadhi nenosiri hivi:

gpg --encrypt -o ~/.nenosiri.gpg -r mapokezi@example.com -

Bandika nenosiri, bonyeza Enter, kisha Ctrl+D. Usilipitishe kwa echo, maana litabaki kwenye historia ya amri. Epuka pia programu zinazotaka nenosiri liandikwe ndani ya amri yenyewe: mtumiaji mwingine wa mashine hiyo anaweza kuliona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa.

Sasa andika faili ~/.msmtprc:

defaults
auth on
tls on
tls_trust_file /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
logfile ~/.msmtp.log

account wageni
host smtp.gmail.com
port 465
tls_starttls off
from mapokezi@example.com
user mapokezi@example.com
passwordeval "gpg --quiet --for-your-eyes-only --no-tty --decrypt ~/.nenosiri.gpg"

account default : wageni

Weka anwani yako halisi, kisha chmod 600 ~/.msmtprc. Ndani ya ~/.bashrc ongeza export GPG_TTY=$(tty), la sivyo gpg inaweza kushindwa kukuuliza fungu la siri la ufunguo (nenosiri uliloweka ulipoutengeneza).

Poti ni nambari ya mlango wa seva. Poti 465 huanza na TLS tangu mwanzo wa mazungumzo. Poti 587 huanza wazi kisha ikahamia TLS. Nayo inafaa mradi tls on ipo, kwa sababu seva isipoitikia, msmtp hukataa kuendelea. Ukichagua 587, futa mstari wa tls_starttls off. Poti 25 ni ya seva kwa seva, iache.

Jaribu bila kiambatisho kwanza:

printf 'To: hesabu@example.com\nSubject: Jaribio\n\nImefika?\n' | msmtp -t

Zile \n mbili zinazofuatana zinaacha mstari mtupu kati ya vichwa na ujumbe. Ukiusahau, ujumbe wako utasomwa kama sehemu ya vichwa na barua itaharibika.

Kabla ya kutuma paspoti yoyote, omba ufunguo wa umma wa mhasibu (ule wa kusimba tu, wa kufungua hubaki kwake) na uuingize kwa gpg --import mhasibu.asc. Kisha mpigie simu, kwa nambari uliyokuwa nayo siku zote na si ile iliyoletwa na barua ya ufunguo. Kila mmoja aendeshe gpg --fingerprint hesabu@example.com, msomeane alama zote 40 za utambulisho wa ufunguo hadi ya mwisho. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo yenye uzito kuliko zote: ufunguo ukiwa wa tapeli, umemsimbia tapeli. Zikilingana, uthibitishe kwa gpg --lsign-key hesabu@example.com.

Kisha simba:

gpg --encrypt --sign -r hesabu@example.com -r mapokezi@example.com w0417.pdf

Ile -r ya pili ni yako. Bila hiyo wewe mwenyewe hutaweza kuifungua nakala uliyotuma. Zingatia jina la faili. GPG haifichi kichwa cha barua (Subject), anwani, wala jina la kiambatisho, kwa hiyo usiandike jina la mgeni popote kati ya hivyo. Nambari ya chumba na tarehe zinatosha.

Ndani ya ~/.muttrc weka set sendmail="/usr/bin/msmtp" na set from="mapokezi@example.com". Gmail huishia MB 25, na kiambatisho huongezeka takriban theluthi moja kinapopakiwa, kwa hiyo usivuke MB 18.

Mtandao wa simu kisiwani unaweza kukatika katikati ya kazi, na msmtp yenyewe haina foleni. Weka faili zilizosimbwa ndani ya ~/foleni, tengeneza pia folda ~/zilizotumwa na faili ~/ujumbe.txt yenye maneno ya barua, halafu endesha:

for f in ~/foleni/*.gpg; do
  mutt -s "Nyaraka" -a "$f" -- hesabu@example.com < ~/ujumbe.txt && mv "$f" ~/zilizotumwa/
done

Faili huhama tu ikiwa imepokewa na seva. Usisahau --, la sivyo mutt itadhani anwani ni kiambatisho kingine. Kitanzi hiki kiendeshe kwa mkono, usikitie kwenye cron, inayoendesha amri yenyewe kwa ratiba: kwa kawaida gpg hukumbuka fungu la siri kwa dakika 10 tangu ulipolitumia mara ya mwisho, na usiku wa manane hakuna wa kuliandika.

Ukikwama, soma ~/.msmtp.log. "authentication failed" mara nyingi maana yake umetumia nenosiri la kawaida badala ya la programu. "cannot locate host" ni mtandao. Lalamiko kuhusu cheti, yaani kitambulisho cha seva, hasa baada ya umeme kupotea, kwanza shuku saa: kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, ikiwaka hurudi na saa ya nyuma, na cheti kipya huonekana hakijaanza kutumika. Usijaribu kulimaliza kwa tls_certcheck off. Bila ukaguzi wa cheti, anayemiliki Wi-Fi unayotumia anaweza kujifanya seva na kupokea nenosiri lako. Endesha timedatectl, subiri "System clock synchronized" isome yes, kisha rudia kitanzi.