Jinsi ya Kudai Waranti ya TV Kubwa Uliyonunua kwa Ofa, Kuanzia Dukani Hadi Mahakama ya Madai Madogo

Duka lile, hapa Nakuru mjini, lilikuwa na kibao chekundu nyuma ya kaunta: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nilikisoma nikiwa nimeshalipa. TV ilikuwa ya inchi 75, bei ya zamani imekatwa kwa wino mzito, bei mpya shilingi 84,000. Wiki ya tano mstari mwembamba wa kijani ukajitokeza upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Kila taarifa ya habari ya saa moja, mtangazaji alikuwa ametenganishwa na sikio lake. Niliporudi dukani, kijana wa mauzo aliniambia kwa upole kabisa, "Mama, ile ilikuwa ya ofa. Ofa haina waranti."

Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyofundishwa. Lakini alikosea, na ukijua alipokosea utakuwa umemaliza nusu ya safari.

Ujue kwanza unachodai

Watu wengi hudhani waranti ni ile kadi tu. Kadi ni ahadi ya kiwanda au ya duka, na aliyeiandika ana uhuru wa kuiwekea masharti. Chini yake kuna haki nyingine ambayo hakuna anayekupa kwa hisani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, inaingia ndani zaidi: anayekuuzia anahesabiwa kuwa amekuhakikishia kwamba bidhaa ina ubora wa kuuzika, hata kama hakutamka neno. Sharti lolote la kufuta au kupunguza hakikisho hilo ni batili. Kwa hiyo kile kibao chekundu, kwa TV iliyo mbovu, ni pambo la ukuta.

Punguzo la bei halibadilishi hilo. Kinacholibadilisha ni kasoro uliyoijua. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ukiikagua bidhaa kabla ya kununua huwezi kurudi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ukiambiwa imeshushwa bei kwa sababu fremu imekwaruzwa, mkwaruzo ni wako. Mstari kwenye kioo baada ya wiki tano ni mambo mengine.

Na kubadili mawazo si kasoro. TV ya inchi 75 ina upana wa takriban sentimita 166, ya inchi 85 karibu 188. Pima ukuta, pima na mlango, kwa sababu boksi ni kubwa kuliko TV. Kama haikuenea sebuleni, duka halina deni lako.

Siku ya kununua

Hapa ndipo kesi hushinda au kushindwa, na mimi nilizembea. Usikubali kubeba boksi lililofungwa. Liamuru lifunguliwe pale pale, TV iwashwe kwa nusu saa. Beba flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kwenye nyeupe utaona madoa na vivuli, kwenye nyeusi utaona taa za nyuma zinazovuja pembeni, na rangi nyingine zitakuonyesha vitone vilivyokufa. Hakikisha pia inashika chaneli za bure kwa antena, maana dijitali yetu ni ya mfumo wa DVB-T2, na seti zinazoingizwa kwa njia zisizo rasmi kutoka nje huweza kukosa king'amuzi hicho ndani. Muuzaji ataguna. Mwache agune.

Kisha uliza kwa nini bei imeshuka, na jibu liandikwe kwenye risiti. "Mpya, toleo la mwaka jana" ni jibu zuri. "Ya maonyesho" ni jibu la kweli, lakini kioo kilichowaka dirishani mchana kutwa kwa miezi kina umri, kwa hiyo uliza ni muda gani. Ikiwa imerekebishwa halafu ikauzwa kama mpya, hilo ni udanganyifu ambao Sheria ya 2012 inauita mazoea yasiyo ya haki, na linaweza kukuruhusu kuuvunja mkataba.

Risiti yenyewe iwe ya eTIMS, yaani mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, si kikaratasi cha kaunta chenye muhuri tu. Iwe na jina la biashara, PIN yake ya kodi, tarehe, modeli, na ile nambari ndefu iliyo nyuma ya TV baada ya herufi S/N. Linganisha nambari hiyo na iliyo kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti. Zikitofautiana, usilipe. Uliza pia kama waranti inatambuliwa na msambazaji wa Kenya, maana waranti nyingi za kampuni hufanya kazi katika nchi moja tu, na TV iliyokuja kwa mlango wa Dubai huweza kukataliwa hapa. Bado duka lina wajibu, ila utakuwa umepoteza njia fupi.

Lipa kwa Till au Paybill ya biashara, si kwa nambari ya simu ya kijana. Ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Kuhusu usafiri nitasema machache: TV hubebwa ikiwa imesimama, kamwe isilazwe, na kama ni dereva wa duka anayeileta, usisaini karatasi yake kabla hujaiwasha nyumbani.

Kasoro ikitokea

Siku hiyo hiyo, piga video. Onyesha tatizo, halafu bila kukata video zunguka nyuma uonyeshe S/N, ili mtu asije akasema hiyo ni TV ya jirani. Chomoa waya. Usimwite fundi wa mtaani hata kama ni shemeji yako na ni hodari, kwa sababu skrubu moja ikishaguswa, mazungumzo yatakuwa juu ya skrubu.

Nenda dukani, na ukitoka tu watumie ujumbe wa kuthibitisha mlichozungumza. Usingoje. Mnunuzi anayekaa na kitu kwa muda mrefu bila kumwarifu muuzaji kwamba anakikataa huhesabika amekikubali. Fidia bado anaweza kuidai, lakini nafasi ya kukirudisha na kuchukua pesa zake huwa imempita.

Utasikia majibu mawili. La kwanza: "Nenda kwa kampuni, Nairobi." Unaweza kwenda ukipenda, lakini mkataba wako ni na aliyepokea pesa zako. Yeye ndiye wa kuhangaika na kampuni.

La pili ni gumu zaidi: "Ni umeme." Waranti nyingi hutoa nje hitilafu za umeme na radi, na sisi wa upande huu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, na zaidi Kakamega na Kisii, radi hatuzijui kwa kusimuliwa. Ndiyo maana risiti ya kilinda TV, kile kisanduku cha kuchomeka kati ya soketi na waya, ihifadhiwe pamoja na risiti ya TV. Lakini usikubali neno "umeme" likiwa hewani. Omba ripoti ya fundi wao iliyoandikwa, inayoonyesha kilichoungua ni nini. Umeme ukipanda ghafla, mara nyingi huua bodi ya umeme na TV hukataa kuwaka kabisa. TV inayowaka vizuri, yenye sauti na picha, ila ina mstari wima usiohama, kwa kawaida ina shida kwenye paneli, yaani kioo chenyewe, au kwenye nyaya bapa zinazoipelekea picha. Nilipomwambia hivyo fundi wa duka, aliniangalia upya.

Uliza pia bei ya paneli mpya. Kwa TV kubwa hukaribia bei ya TV nzima. Hapo utaelewa kwa nini wanasukuma siku zipite.

Barua ya madai

Simu na vikao vikishindikana, andika. Barua fupi huogopwa kuliko ndefu. Yangu ilikuwa hivi, nimeondoa majina:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu TV ya inchi 75, modeli fulani, S/N fulani, kwa shilingi 84,000, risiti nambari fulani. Tarehe fulani ilitokea mstari wima wa kudumu kwenye skrini. Niliwaarifu siku hiyo hiyo. Chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, TV hii haina ubora wa kuuzika. Naomba ndani ya siku 14 mnibadilishie, mniwekee paneli mpya bila malipo, au mnirudishie pesa zote. Msipofanya hivyo nitafungua madai katika Mahakama ya Madai Madogo na kudai gharama pia."

Ambatisha nakala za risiti, kadi na picha. Ipeleke nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri, wanaitia sahihi na tarehe. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe na WhatsApp ya duka.

Wakati huo huo unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo kazi yake inagusa matangazo ya uongo na bidhaa zenye kasoro. Inafaa hasa pale bei "ya zamani" iliyokatwa haijawahi kuwapo. Kwa TV moja na pesa zako mwenyewe, naona mahakama ndiyo njia ya mkato.

Mahakama ya Madai Madogo

Iliundwa kwa sheria ya 2016 na husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya uuzaji wa bidhaa. Nakuru ipo, Kisumu ipo. Wakili si lazima, na Kiswahili kinaruhusiwa. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa.

Anza na jina la mdaiwa, kwa sababu hapa ndipo watu huanguka. Jina lililo juu ya mlango huenda si jina la mwenye biashara. Chukua jina lililo kwenye risiti ya eTIMS, ulitafute katika usajili wa biashara kupitia eCitizen, ujue kama ni kampuni au ni mtu anayetumia jina la biashara. Ukimshtaki asiyekuwepo, utashinda karatasi.

Kisha jaza taarifa ya madai na uiwasilishe kupitia efiling.court.go.ke. Kama kompyuta inakusumbua, ulizia masjala ya mahakama au nenda saiba. Eleza kwa mpangilio wa tarehe, taja kiasi, usitukane mtu. Lipa ada, mdaiwa apelekewe hati, na uhakikishe kuna uthibitisho wa kiapo kwamba amezipata. Siku ya kusikilizwa beba vitu halisi: risiti, kadi, barua yenye muhuri, ripoti ya fundi, video kwenye simu iliyochajiwa. Kanuni za ushahidi hapo hazina ukali wa mahakama nyingine, lakini karatasi bado inasema kuliko machozi. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee, na mdaiwa aliyeshindwa akikaidi kulipa, utaomba mahakama itekeleze hukumu.

Mimi sikufika huko. Siku ya 9 baada ya barua nilipigiwa simu, na Jumamosi iliyofuata fundi alifika kwangu Kiamunyi na paneli mpya, na fomu iliyoandikwa tayari kwamba nimeridhika. Nilimwekea chai. Nikachomeka flashi yangu ya rangi tano, tukakaa wote wawili tukitazama ukuta mweupe, mweusi, mwekundu, kwa nusu saa nzima. Kisha nikaandika kwa mkono wangu juu ya sahihi: "Paneli imebadilishwa leo, waranti yake inaanza leo." Alisoma, akacheka, akatia sahihi yake chini.