Kabla Sakitu Haijaanguka: Kuwaandaa Sungura Wanaolala Nje

Uingereza saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kwangu mimi hiyo ndiyo siku ya kutoka bustanini na nyundo, turubai na magazeti ya zamani. Nina sungura wawili, Kashata na Visheti, wanaoishi mwaka mzima kwenye banda la mbao nyuma ya nyumba, hapa Leeds. Ndugu zangu wa Tanga wakiwaona kwenye video huuliza kwanza: hao mnawachinja lini? Tukishacheka ndipo linakuja swali lenyewe: hiyo baridi haiwaui?

Haiwaui, mradi wawe wakavu. Asili ya sungura hawa wa kufugwa ni Hispania na Ureno, nao ni wachimbaji wa mashimo. (Yule mjanja wetu wa hadithi ni mwingine kabisa, hachimbi, hujilalia majanini.) Shimoni hakuna upepo wala mvua, na joto halipandi wala kushuka ghafla. Ukimweka sungura kwenye sanduku la mbao juu ya ardhi umemnyang'anya shimo lake, na karibu kila ninaloeleza hapa ni namna ya kumrudishia. Joto la Julai humsumbua zaidi, maana hatoki jasho la kumsaidia na hutegemea masikio kupoza mwili. Winta mambo ya kuogopa ni unyevu, upepo, kiu na njaa.

Amua mapema kama watakuwa wa nje au wa ndani. Manyoya mazito huota miti inapopukutisha majani, na sungura mzima aliyeyapata hulala nje bila taabu hata chini ya sifuri. Huruma ndiyo inayoharibu. Watoto wakiona theluji wanataka Kashata aje sebuleni karibu na radieta, asubuhi arudishwe nje kabla hawajaenda shule. Mwili wake hauwezi kurushwa kila siku kutoka digrii 20 hadi sifuri. Akishazoea joto la ndani ataanza kumwaga yale manyoya, basi abaki humo mpaka baridi iishe. Mzee, mgonjwa, aliyekonda na wachanga nawahesabu kuwa wa ndani tangu Oktoba. Stoo au gereji isiyo na hita inafaa kuliko sebule, ila isiwe gereji ambamo gari linawashwa, kwa ajili ya moshi.

Mwaka wetu wa kwanza nililikagua banda kwa macho tu, nikaridhika. Katikati ya Desemba nikaona Visheti halali tena kwenye pembe yake. Nilipofukua matandiko nikakuta ya chini yamekuwa meusi, yameshikana kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, na mbao zimelowa chepechepe. Karatasi ya lami ya paa ilikuwa imechanika penye msumari mmoja, mpasuko usiozidi ukucha. Siku hizi napima hivi: sungura nawatoa, natandika gazeti kavu sakafuni, namwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa taratibu, nakwenda kunywa chai, kisha narudi kuangalia gazeti lina madoa wapi.

Banda likishathibitika halivuji, linyanyue. Matofali mawili chini ya kila mguu yanatosha kulitenga na ardhi iliyolowa. Mgongo ulielekee ukuta, na mbele pasitazame kule upepo unakotoka. Kwetu mvua nyingi huja na upepo wa kusini-magharibi, na ule mwembamba unaochoma masikio hutoka mashariki. Usiku teremsha turubai mbele ya wavu, mchana likunje. Lakini usizibe kila tundu. Acha nafasi ya kiganja kwa juu hewa ipite. Mkojo wa sungura hutoa amonia, na banda lililofungwa kama mzinga wa nyuki litawaharibu mapafu bila msaada wa baridi. Chungulia ndani asubuhi: macho yakikuwasha wewe kwa dakika moja, wao wamekesha humo. Mahali wanapokojolea pasafishwe kila siku, kwa sababu tandiko lililolowa huvuta joto la mwili.

Chini panga magazeti, juu yake mabua ya ngano, mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Mabua na nyasi kavu si kitu kimoja, ingawa duka la wanyama huyapanga rafu moja. Mabua ni ya kulalia, yana uwazi ndani unaoshika hewa yenye joto. Nyasi kavu ni chakula. Mablanketi niliyaacha, maana wanayatafuna na nyuzi zinaweza kuziba utumbo. Kilichonisaidia kuliko vyote ni sanduku dogo la mbao ndani ya banda, lenye mlango wa kupita mmoja, nililolijaza mabua mpaka juu. Wanajichimbia humo wenyewe, wakalala wamebanana. Tia mkono alfajiri utadhani umegusa pembeni mwa jiko lililozimwa sasa hivi. Kwa ajili ya huko kubanana, sungura wa nje asiwe peke yake. Dume na jike waliofungwa kizazi ndio hupatana kwa urahisi zaidi. Ila usiwakutanishe wageni wawili ghafla ukisema baridi itawapatanisha. Watararuana.

Maji ndiyo yatakayokutesa. Sungura anaweza kunywa mililita 50 hadi 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na chupa ya kuning'iniza ina hila moja: maji ndani yanaonekana bado ni maji, kumbe kile kipira cha chuma mdomoni kimeshaganda. Mpita njia ataona chupa imejaa, wakati sungura wamelamba chuma usiku kucha bila kupata tone. Usiiangalie tu, kigonge kipira kwa kidole mpaka maji yatoke. Nina chupa mbili zinazopokezana, moja nje, moja jikoni. Iliyo nje huvaa soksi nene ya sufu, na siijazi hadi juu, kwa kuwa barafu hutanuka ikaipasua. Pembeni naweka bakuli zito la udongo lisilopinduka, la akiba. Kukiwa na sakitu naangalia mara tatu kwa siku.

Nyasi kavu zisikatike hata saa moja. Kila mmoja apate fungu la ukubwa wa mwili wake kwa siku, na winta ongeza, kwani kutafuna na kusaga hizo nyuzinyuzi ndiko kunakompa joto. Mboga zilizoganda na majani yenye sakitu usiwape. Utumbo wa sungura haupaswi kusimama: akipitisha saa 12 hajala, hiyo ni dharura ya daktari, si jambo la kusubiri kesho.

Tarehe 5 Novemba ni usiku wa fataki, na hofu peke yake inaweza kumuua sungura. Jioni hiyo funika banda kwa blanketi zito juu ya turubai, ongeza mabua ya kujichimbia, na uache upenyo ule ule wa hewa. Kisha kuna mbweha, ambao mijini huku wamejaa, na Januari ndio msimu wao wa kutafuta wenza, kwa hiyo huzurura sana. Wavu mwembamba wa kuku wanaukata kwa meno. Weka wavu wa chuma uliochomelewa. Kijiti cha kuzungusha mlangoni kibadilishe kwa komeo la kusukuma, moja juu na moja chini.

Chanjo ya kila mwaka ya miksomatosisi (ugonjwa hatari wa sungura unaoenezwa na mbu na viroboto) na ya ule ugonjwa wa virusi wa kuvuja damu, aina zote mbili, isipitwe na tarehe kwa kisingizio kwamba nje hakuna mbu.

Desemba huku jua linazama saa kumi kasorobo, kwa hiyo ukitoka kazini wote wako gizani. Weka tochi karibu na mlango wa nyuma, na usimulike tu, mshike. Chini ya manyoya manene sungura anaweza kukonda usijue, basi pitisha vidole mgongoni na mbavuni kila wiki, uangalie na sehemu ya nyuma kama ni kavu. Ukimkuta amelegea, masikio ya baridi, hataki hata jani analolipenda, mzungushie taulo, muingize ndani pasipo na moto mkali, umpigie daktari hapo hapo. Na si kila daktari wa wanyama anawafahamu sungura. Wengi wamezoea mbwa na paka. Piga simu Oktoba hii hii uulize nani anawatibu, na nani anafungua wakati wa Krismasi, kisha bandika namba kwenye friji.