Kumfundisha mwanafunzi wa meno kuchoma ganzi ya taya la chini

Kati ya sindano zote za ganzi, ya taya la chini ndiyo inayowatoa jasho wanafunzi wanapoanza kuona wagonjwa. Mfupa wa taya la juu ni mwembamba, dawa hupenya hata sindano ikipotoka kidogo. Wa chini ni mnene, na dawa lazima iikute neva kabla neva hiyo haijaingia mfupani. Ikikosekana, mgonjwa aliyetoka Mbagala alfajiri kuwahi kliniki anang'olewa gego huku analisikia. Mara nyingi chanzo si mkono mzito wa mwanafunzi, bali namna alivyofundishwa: alionyeshwa mara moja, mkufunzi akiongea mfululizo, kisha akakabidhiwa sirinji.

Mwongozo huu ni wa mkufunzi mwenye wanafunzi wanne au watano kwa zamu.

Taya la mazoezi

Chukua mfupa mkavu wa taya la chini, au nakala yake ya plastiki. Tafuta tundu la neva upande wa ndani wa tawi la taya, yaani sehemu inayopanda kuelekea sikioni, ulizungushie rangi ya kucha. Juu yake tandaza karatasi ya tishu, halafu kipande cha sponji la godoro chenye unene wa sentimita 2, ufunge kwa mkanda. Funga taya ukingoni mwa meza, kwenye kimo cha kiwiko cha mwanafunzi, magego yakiwa sambamba na sakafu.

Jaza sirinji maji yenye wino. Mwanafunzi akishachoma na kutoa mililita 1.5, fungua sponji mtazame doa kwenye tishu limeangukia wapi. Likiwa chini ya tundu, amechoma chini mno, na hilo ndilo kosa linaloongoza kwa wagonjwa pia. Doa hili linamfundisha haraka kuliko maelezo ya mdomo, kwa sababu anajiona mwenyewe.

Wanafunzi kuchomana wao kwa wao kusifanywe sharti. Mwanafunzi hawezi kumkatalia kirahisi mtu anayempa alama.

Hatua nne

Mpangilio wa daktari mpasuaji Rodney Peyton unafaa sana hapa. Kwanza, mkufunzi anachoma mwanzo hadi mwisho kwa kasi ya kawaida, kimya kabisa. Pili, anarudia polepole akieleza kila tendo na sababu yake. Tatu, mwanafunzi anaeleza na mkufunzi anatenda. Nne, mwanafunzi anatenda huku akieleza.

Wakufunzi wengi huiruka hatua ya tatu wakidhani inapoteza muda, na hapo ndipo somo linapoharibika. Hatua hiyo ndiyo inayofichua mwanafunzi amekariri nini bila kuelewa. Sharti lake ni moja: fanya alichosema tu. Akisema "ingiza sindano" bila kutaja mahali, simama umngoje. Akisahau kukuambia uvute nyuma kisukumio cha sirinji kuangalia damu, usivute. Sukuma dawa, kisha muulize dawa hiyo ingeweza kuwa imeingia wapi. Ukimsaidia kimyakimya kwa huruma, pengo linabaki na litaibukia kinywani mwa mgonjwa. Kwenye kundi, mmoja aeleze, wenzake wasikilize bila kumnong'oneza, kisha wabadilishane.

Haya ndiyo anayotakiwa kuyataja bila kudokezwa:

- Sindano ndefu ya geji 27 (kipimo cha unene), ya milimita 32 hadi 35. Fupi haitoshi kwa mtu mzima.
- Kidole gumba kinapapasa bonde la ukingo wa mbele wa tawi la taya. Hapo ndipo kimo kinapopimwa: milimita 6 hadi 10 juu ya sehemu ya kutafunia ya magego ya chini.
- Sirinji inatokea upande wa pili wa kinywa, juu ya magego madogo. Ncha inaingia kati ya bonde hilo na mkunjo wa wima unaoonekana nyuma ya magego mgonjwa akipanua kinywa.
- Mfupa unaguswa kwenye kina cha milimita 20 hadi 25. Rudisha sindano milimita 1, vuta nyuma kisukumio, damu isipoonekana toa mililita 1.5 kwa dakika 1 au zaidi.
- Sindano isizame hadi kitako. Ikikatika, hukatikia hapo, na iliyozama yote haina pa kushikwa.

Maswali matatu kabla ya mgonjwa

Umegusa mfupa mapema mno, milimita 10 tu: utafanyaje? Ncha imekaa mbele sana. Rudisha kidogo, sogeza sirinji kuelekea meno ya mbele, ingia ndani zaidi, kisha irudishe juu ya magego madogo.

Umeingia milimita 25 na hakuna mfupa? Uko nyuma mno. Rudisha, peleka sirinji nyuma juu ya magego makubwa, ujaribu tena. Ukitoa dawa bila kugusa mfupa, inaweza kuingia kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio na kuikuta neva ya uso. Nusu ya uso italegea na jicho halitafumba mpaka dawa iishe. Mwanafunzi ajue kulifunika jicho hilo na kumtuliza mgonjwa.

Damu imeingia kwenye katriji, kile kichupa cha dawa ndani ya sirinji? Ondoa, badilisha katriji, anza upya.

Asiyejibu yote matatu harudishwi nyumbani. Anarudi kwenye sponji. Na zikipita wiki mbili kati ya mazoezi na mgonjwa wa kwanza, rudieni hatua ya tatu asubuhi hiyohiyo.

Hesabu ya dawa

Wanafunzi hukosea hapa kwa sababu chupa inaandika asilimia na kikomo kinatajwa kwa miligramu. Dawa ya ganzi ya lidokeini ya 2% ina miligramu 20 kwa kila mililita, hivyo katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36, na ya 2.2 ina 44. Wape mfano wa mtoto, usiwape wa mtu mzima. Kilo 15, kwa kikomo cha tahadhari cha miligramu 4.4 kwa kilo, ni miligramu 66: hazifiki katriji mbili za 1.8. Wengi hushtuka wakiona hivyo, na ni vizuri washtuke mapema.

Joto la Dar es Salaam nalo lifundishwe. Adrenalini inayochanganywa kwenye dawa ya ganzi huharibika kwa joto na mwanga, kwa hiyo boksi lisiachwe dirishani wala kwenye gari.

Kando ya kiti

Masomo hutolewa kwa Kiingereza, mgonjwa anazungumza Kiswahili. Mwanafunzi anayejua kila neva anaweza kukwama kumwambia mama wa makamo kitakachotokea. Afanye mazoezi kwa sauti: "Shikamoo mama. Umeshapata chai leo? Una presha, sukari, au dawa yoyote inayokudhuru? Nitakuchoma ganzi. Utasikia kama mwiba, halafu mdomo utakuwa mzito. Ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto." Swali la chai si la adabu tu, aliyefunga tangu jana kwa woga huzimia kwa urahisi. Akizimia, laza kiti, inua miguu. Asiruhusiwe kusema "haitauma", kwa kuwa mgonjwa akisikia uchungu hataamini neno lolote linalofuata.

Kubalianeni neno moja la kusimamisha, kwa mfano "subiri". Ukilitamka, mkono unasimama ulipo, bila kuchomoa kwa kushtuka. Kwa mchomaji wa mkono wa kulia, asimame kwenye namba 8 ya uso wa saa kwa taya la kulia na namba 10 kwa la kushoto, kichwa cha mgonjwa kikiwa kwenye namba 12.

Subirini dakika 3 hadi 5. Ulimi kufa ganzi peke yake hakuthibitishi kitu; nusu ya mdomo wa chini na kidevu ndizo zinazotoa ushahidi. Baada ya dakika 10 bila ganzi mdomoni, rudia ukipanda milimita 5 juu, mkishajumlisha dawa iliyokwisha kutumika. Kwa kung'oa gego kubwa ongeza mililita 0.3 kwenye fizi ya upande wa shavu.

Kifuniko cha sindano kiokotwe kwa mkono mmoja kutoka kwenye trei. Akijichoma, aoshe kwa maji na sabuni, atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze haraka, na zisichelewe kupita saa 72. Mwanafunzi anayeogopa kugombezwa huficha tukio hili, kwa hiyo mwambie siku ya kwanza kabisa kwamba hatagombezwa.

Maoni yatolewe mgonjwa akishaondoka. Mwulize kwanza yeye: kipi kimeenda sawa, kipi angebadilisha? Kisha mpe jambo moja la kurekebisha, liandikwe kwenye daftari lake pamoja na kina alichogusa mfupa na dakika ambazo mdomo ulichukua kufa ganzi. Mkufunzi wa zamu inayofuata asome ukurasa huo kabla hajamkabidhi sirinji.