Somo: Kupima athari za uchimbaji mchanga na changarawe kwa wanyama wa mto wa msimu

Somo hili ni la wanakikundi wanaoishi kando ya mito ya kaunti ya Makueni, Kenya, kama Kaiti na Thwake. Wengi wetu tukitaka kujua kama uchimbaji umedhuru wanyama, tunawatafuta wale wakubwa. Lakini ninyi anzeni na mchanga wenyewe na kingo, kwa maana uhai wa kiangazi umefichwa humo. Mchanga mnene ulioshiba maji hushika karibu theluthi moja ya ujazo wake, na yaliyo chini ya takriban sentimita 60 jua haliyanywi kwa urahisi.

Hatua ya 1: Tafuta pa kulinganishia. Msiiruke hii hata kidogo. Chagua kipande kinachochimbwa na kingine kisichoguswa, upande wa juu wa mto, vyenye upana unaokaribiana, kingo za udongo wa namna moja na umbali sawa na makazi ya watu. Mkipata viwili au vitatu vya kila aina, heri zaidi. Bila kipande hicho kisichoguswa, ndege wakipungua hutajua kama ni malori au ni ukame. Pimeni vyote wiki ileile, mrudie baada ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba.

Hatua ya 2: Pima kina cha mchanga. Chukua nondo, itie alama kila sentimita 10, uigonge kwa nyundo mpaka igote kwenye mwamba. Andika kina, na kama ncha imetoka na unyevu.

Hatua ya 3: Kagua kingo. Keremkerem na mdiria hutoboa viota kwenye kingo zilizosimama wima, na hizo ndizo huporomoka mto ukichimbwa chini yake. Tembea mita 100, hesabu matundu, utenganishe yanayotumika na yaliyohamwa. Linalotumika lina kinyesi kibichi mlangoni, na mara nyingi michirizi miwili sakafuni iliyochorwa na miguu ya ndege. Lenye utando wa buibui limeachwa. Tafadhali msiingize kijiti wala mkono: mna makinda, na nyoka nao hujificha humo.

Hatua ya 4: Soma nyayo. Jioni lainisha mchanga kando ya maji au visima vya mchangani, asubuhi uandike nani alipita. Nyani na ndovu huchimba wenyewe mchanga kutafuta maji. Ukiona wameacha kuchimba mahali walipozoea, linganisha na vipimo vya nondo.

Hatua ya 5: Vidimbwi. Baada ya mvua, pitisha wavu mdogo kwa muda uleule kila mahali, uhesabu viluwiluwi, kambare wadogo na tunutu wa kereng'ende, kisha uwarudishe.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, sisi malori yalianza zamani na hatuna rekodi za kabla. Tumechelewa?*

Hapana, ndugu yangu. Kipande kisichoguswa kitasimama badala ya rekodi. Waulizeni pia wazee, mmoja mmoja, kuhusu mahali mahususi: kingo hii ilikuwa na matundu? Kisima kilikuwa na kina gani? Andikeni kwamba ni ushuhuda, msiuchanganye na vipimo.

*Kwetu mashimo yamejaa maji na ndege ni wengi kuliko zamani. Si ni faida?*

Andika hivyo hivyo, dada, usifiche. Ila tazama ni ndege gani. Yangeyange watafurahia dimbwi, lakini keremkerem anataka kingo. Linganisha aina, si jumla tu, na uangalie dimbwi linadumu hadi mwezi gani. Usisahau viluwiluwi vya mbu.

*Tukimaliza tupeleke wapi?*

Kwa ofisi ya kaunti ya NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na kwa mamlaka ya mchanga iliyoundwa chini ya sheria ya Makueni ya 2015. Pelekeni nakala zenye tarehe, saa na picha za kila kipande. Daftari la awali, hata likiwa na matope, libaki kwenu.