Kuchagua Pedi za Kupigia Midundo kwa Studio ya Nyumbani
Kabla ya kulipa dukani Kariakoo, omba kifaa kiunganishwe na kompyuta, kwa kuwa pedi za aina hii hazitoi sauti zenyewe, bali hutuma taarifa za MIDI, yaani maelekezo ya kidijitali ya noti ipi ipigwe na kwa nguvu gani, kwa programu ya kurekodia. Iguse kila pedi kwa ncha ya kidole, kisha ongeza nguvu kidogo kidogo, ukitazama kwenye skrini kama namba ya nguvu ya mguso inapanda taratibu kuelekea 127, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Pedi inayoruka ghafla kutoka kimya hadi kishindo itauondolea mdundo uhai wake, hata taa zake zipendeze namna gani. Kwa mtayarishaji wa singeli, ambayo mapigo yake huvuka 200 kwa dakika, ninasisitiza kitufe cha kurudia mapigo, kinachopiga mfululizo wakati umeshikilia pedi. Pedi 16 zinatosha. Chagua kifaa kinachopata umeme kupitia waya wa USB, ili umeme ukikatika uendelee kurekodi kwa betri ya kompyuta mpakato.