Misuli ya nyuma ya paja kwa wakimbiaji wa mbio fupi na warukaji

Mkimbiaji wa mbio fupi anayejinoa kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Mombasa, kwa kuchuchumaa na kuruka pekee huacha nyuma msuli ambao ndio huchanika mara nyingi katika mbio za kasi, yaani ule wa nyuma ya paja. Huumia hasa muda mfupi kabla ya mguu kugusa ardhi, unaporefuka na papo hapo kuvuta kwa nguvu ili kuupunguza mwendo wa mguu. Kwa hiyo unapaswa kuimarishwa ukiwa katika hali hiyohiyo ya kurefuka.

Zoezi lenyewe halihitaji vyuma wala ada ya jimu. Piga magoti juu ya mkeka, mwenzako akushike vifundo vya miguu barabara, kisha ujishushe mbele polepole, mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi mabegani, mpaka ushindwe kujizuia na ujipokee kwa viganja. Kiuno kikikunjika, zoezi limeharibika. Mchanga mkavu haufai, kwa kuwa magoti huzama. Ni afadhali kusubiri maji yapwe upate ulioshikana.

Wiki ya kwanza, siku moja yenye seti 2 za mara 5 inatosha, maana maumivu ya kesho yake si haba, kisha uongeze taratibu. Lifanye baada ya mazoezi ya kasi, wala si siku ya kuamkia mashindano.